Meno ya Bandia na Malighafi ya Kusini: Historia ya Ufundi Uliokaa Mbali na Ziwa Nyasa

Historia ya meno ya bandia huandikwa kwa kawaida kama historia ya miji ya Ulaya na Marekani, ambako mafundi na madaktari walivumbua mmoja baada ya mwingine njia za kuziba mapengo, huku watu wa nchi nyingine wakiingia katika simulizi hiyo mwishoni kabisa, kama wapokeaji wa kitu kilichokwisha kukamilika. Ikitazamwa kutoka pwani ya mashariki ya Ziwa Nyasa, historia hiyo hubadilika sura. Nchi inayozungumziwa hapa huanzia kwenye milima ya Umatengo wilayani Mbinga, hupita katika kata ya Ruanda inayojulikana kwa makaa ya mawe ya Ngaka, kisha huteremka hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay katika wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga. Nchi hii na jirani zake zilikuwamo katika biashara ya karibu kila malighafi iliyowahi kutumiwa kutengenezea meno ya bandia, tangu pembe na meno ya wanyama hadi mpira na nta. Kilichokaa mbali nayo ni karakana, pamoja na fundi ambaye mikono yake huigeuza malighafi kuwa jino.

Kabla ya kuifuata historia yenyewe, yafaa kutenganisha vitu ambavyo mazungumzo ya kila siku huviweka katika kapu moja la "meno ya bandia". Taji, ambalo wengine huliita kofia ya jino, ni gamba gumu linalovishwa juu ya jino ambalo mzizi wake ungali hai au umetibiwa, na hivyo mwenye taji bado ana jino lake. Daraja ni mataji yaliyounganishwa ili kuvuka pengo, yakishikiliwa na meno ya pande mbili. Meno ya kuvaa na kuvua hukaa juu ya bamba linalofuata umbo la ufizi. Kipandikizi ni kitu tofauti kabisa, kwa kuwa ni skrubu ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya ili ichukue nafasi ya mzizi uliopotea. Daktari ndiye anayeshughulika na mdomo wa mgonjwa, lakini taji, daraja na bamba hutengenezwa na mtu mwingine, mteknolojia wa maabara ya meno, ambaye mara nyingi hamwoni mgonjwa hata siku moja na hufanya kazi kwa kufuata nakala ya plasta ya mdomo asioujua.

Kusini mwa Tanzania haikuwa nchi isiyojua kazi ya kuchonga meno. Miongoni mwa Wamakonde, Wayao na majirani zao kulikuwa na desturi ya kuyapa umbo meno ya mbele ya vijana, ama kwa kuyachonga yakawa na ncha ama kwa kuyakata pembeni ili yaachane, na Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka nyanda za Masasi na Newala mwaka 1906, aliyaandika mambo hayo pamoja na chale za uso na ndonya za mdomo. Chombo kilikuwa tindo ndogo ya chuma iliyogongwa kwa mapigo mafupi, na ustadi wote ulikuwa katika kujua mahali pa kusimamisha pigo, kwani enameli, yaani gamba la nje la jino ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, humeguka kwa mpasuko safi ikigongwa kwa pembe inayofaa, ilhali chini yake kuna dentini iliyo laini zaidi na yenye hisia, na chini ya dentini kuna uhai wenyewe wa jino, wenye mishipa ya damu na neva. Enameli iliyomeguka haioti tena. Wamishonari waliokuja kulaani desturi hiyo kama ukatili hawakuwa na sababu ya kujua kwamba madaktari wa meno wa kwao nao walikuwa wakiisaga enameli ya meno mazima ili wayavishe mataji. Tofauti ya msingi ni kwamba daktari hufunika alichokisaga, na fundi wa tindo alikiacha wazi.

Wakati desturi hiyo ikiendelea bara, njia za misafara ziliunganisha ziwa na bahari. Wayao walikuwa wakisafirisha pembe za ndovu hadi Kilwa tangu karne za nyuma, na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje iligeuka kuwa mlango mkubwa wa pembe na watumwa kutoka nchi za Nyasa, biashara ambayo katika Ungoni ilikuja kuwa na kituo chake Kikole, mahali alipokaa mfanyabiashara Rashid bin Masoud katika miaka ya mwisho ya karne hiyo. Miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani ya Afrika Mashariki kupitia Unguja yalikuwamo pia meno ya kiboko, mnyama ambaye mito inayoingia Nyasa, kama Ruhuhu inayomwaga maji yake karibu na Lituhi, haijawahi kumkosa. Katika masoko ya Ulaya meno hayo yalikuwa na thamani ya pekee kwa watengenezaji wa meno ya bandia, kwani ni meupe na magumu kuliko pembe ya ndovu na hayageuki manjano upesi. Bamba la chini alilovaa George Washington, lililotengenezwa na John Greenwood mwaka 1789, lilichongwa kwa jino la kiboko na kupachikwa meno ya binadamu.

Hata hivyo haifai kukuza jambo hili kupita kiasi. Misafara ya Nyasa ilipofikia kilele chake, kati ya miaka ya 1840 na 1880, sehemu kubwa ya pembe zilizopita Unguja zilikuwa zikienda kuwa bangili za India, na vibao vya piano na vitana vya Marekani, na enzi ya meno ya kuchongwa kwa pembe ilikuwa ikielekea machweo. Sababu ya kuelekea huko ni uvundo. Pembe na jino la kiboko ni vitu vyenye vinyweleo, hufyonza mate na chakula, na mwishowe huoza mdomoni. Mtu aliyevaa bamba la namna hiyo kwa miaka michache alijulikana kabla hajafungua mlango. Aliyechoshwa na hali hiyo kwa namna iliyozaa matokeo alikuwa Alexis Duchâteau, muuza dawa wa Saint-Germain-en-Laye karibu na Paris, ambaye kazi yake ilimlazimu kuonja dawa alizozichanganya na ambaye meno yake ya kiboko yalikuwa yamenyonya ladha za dawa hizo zote. Mwaka 1774 alikiendea kiwanda cha vyombo vya kauri akaomba atengenezewe meno ya kauri. Majaribio ya kwanza yalishindikana, kwa sababu kauri husinyaa inapochomwa na seti iliyotoka tanurini haikukaa mdomoni, lakini Nicolas Dubois de Chémant, daktari wa meno aliyeshirikiana naye, aliliendeleza wazo hilo, akapata hataza Ufaransa, kisha akahamia London, ambako kiwanda cha Wedgwood kilimpa udongo wa kauri. Mwaka 1808 Giuseppangelo Fonzi alionyesha jijini Paris meno ya kauri yaliyotengenezwa moja moja, kila moja likiwa na pini ya platini nyuma yake. Kiboko wa Nyasa alipata nafuu kidogo.

Meno ya kauri yalihitaji bamba la kukalia, na hapo ndipo mpira ulipoingia. Charles Goodyear alipata hataza ya kuuimarisha mpira kwa salfa na joto mwaka 1844, na nduguye Nelson akapata hataza ya mpira mgumu mwaka 1851, na kwa kuwa mpira huo ungeweza kufinyangwa laini juu ya nakala ya plasta na kisha kupikwa ukawa mgumu kama mti, bamba lililofuata kila bonde la ufizi likawa jambo la bei ya mtu wa kawaida. Wakati uleule eta ilikuwa imeanza kutumiwa kuondoa maumivu, tangu William Morton, naye daktari wa meno, alipoionyesha hadharani Boston mwaka 1846, kwa hiyo watu waliong'olewa meno yote kwa mkupuo mmoja waliongezeka, na soko la mabamba likapanuka. Kampuni ya Goodyear Dental Vulcanite iliwatoza madaktari ada ya leseni na kuwashitaki waliokataa kulipa, hadi uhasama huo ukamwua mtu: mwaka 1879 Josiah Bacon, mweka hazina wa kampuni hiyo, alipigwa risasi hotelini San Francisco na daktari wa meno aliyekuwa akimfuatilia mahakamani. Hataza ilikwisha mwaka 1881, nayo bei ya mpira ikaendelea kupanda kwa mahitaji mengine yaliyo makubwa zaidi, kwanza baiskeli na baadaye magari. Ni katika miaka hiyo ndipo mibungo, mimea itambaayo ya misitu ya miombo ambayo watoto wa kusini huila matunda yake, ilipopasuliwa magome kila mahali ili igemwe utomvu. Mpira wa mwitu wa Donde na nchi za jirani uliteremshwa hadi Kilwa na Lindi, ukawa moja ya mauzo makubwa ya kusini mwa koloni la Wajerumani mpaka Vita vya Majimaji vilipoitikisa nchi hiyo na mpira wa mashamba ya Asia ulipoiangusha bei mwaka 1913. Sehemu iliyokwenda kwenye meno ilikuwa ndogo mno kulinganisha na matairi, lakini hakuna aliyegema mbungo aliyekuwa na njia ya kujua lipi kati ya mawili lilikuwa mwisho wa donge lake.

Nta ina historia tulivu zaidi, na kwa ufundi wa taji ndiyo yenye maana kubwa kuliko zote. Miombo ya kusini na magharibi ya Tanganyika ni nchi ya nyuki, ambako mizinga ya magome hutundikwa juu ya miti, na nta iliyobaki baada ya asali kukamuliwa ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje katika enzi za Wajerumani na za Waingereza. Katika ufundi wa meno nta ilikuwa imekwisha kupata kazi mwaka 1756, pale Philipp Pfaff wa Berlin alipoeleza namna ya kubonyeza nta laini juu ya meno na ufizi, kuitoa, na kumimina plasta ndani ya alama iliyobaki ili kupata nakala ya mdomo. Hatua hiyo inaonekana ndogo, lakini bila nakala fundi hulazimika kufanya kazi akiwa na mgonjwa mbele yake, na kwa nakala anaweza kukaa mji mwingine. Maabara ya meno kama mahali palipotengana na kiti cha daktari ilizaliwa hapo.

Kazi ya pili ya nta ilikuja mwaka 1907, daktari William Taggart wa Chicago alipotangaza mashine ya kusubu dhahabu kwa kufuata umbo la nta. Kusubu, yaani kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu, ni ufundi wa kale sana katika pande nyingi za dunia, Benin na Ife zikiwamo. Taggart aliupunguza ukaingia katika kitu chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Mpangilio wake haujabadilika sana katika maabara zinazofanya kazi kwa mikono. Daktari husaga jino pande zote, akiondoa kiasi cha milimita moja hadi mbili ili taji lipate nafasi, kisha huchukua kipimo kwa trei iliyojazwa ute unaoganda, ambao mara nyingi ni alginati inayotokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi, si ule mwani mwekundu unaolimwa Unguja na Pemba, au ni silikoni pale usahihi zaidi unapotakiwa. Fundi humimina plasta ngumu ndani ya kipimo, hulikata jino lililosagwa kutoka kwenye nakala ili alishike peke yake, hupaka mpaka wa chini kwa penseli nyekundu, na kwa kisu kidogo kilichopashwa moto hudondosha nta tone baada ya tone mpaka jino lirudi na vilima na mabonde yake ya kutafunia. Umbo hilo la nta huwekewa mrija, huzamishwa katika udongo unaohimili moto, na udongo ukishaganda hutiwa tanurini, nta iyeyuke na kuungua ikiacha uvungu mtupu. Metali iliyoyeyuka hurushwa ndani ya uvungu huo kwa nguvu ya mzunguko. Kosa la kisu katika nta litabaki vilevile katika metali, na ndiyo maana mafundi wazuri hutumia muda mwingi zaidi kwenye nta kuliko kwenye moto.

Dhahabu hufaa kwa kazi hiyo kwa kuwa haishiki kutu na huumwa na jino la upande wa pili bila kulichubua, na Tanganyika nayo ilikuwa na dhahabu ya Lupa wilayani Chunya, iliyovuta wachimbaji kutoka kila upande wa nyanda za juu kusini tangu miaka ya 1920. Lakini rangi yake haikubaliki na kila mtu kwa meno ya mbele, ijapokuwa katika miji ya pwani ilipendwa kwa sababu hiyohiyo. Charles Henry Land wa Detroit alikwisha kupata hataza mwaka 1889 kuhusu kuchoma kauri juu ya karatasi nyembamba ya platini, na baada yake taji la kauri tupu likawezekana, zuri kwa macho na jepesi kuvunjika. Mwafaka wa kudumu ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipojulikana namna ya kuoanisha kauri na aloi ya metali ili zitanuke na kusinyaa kwa kiwango kimoja, kwani zikitofautiana kauri hupasuka tanurini au, vibaya zaidi, mdomoni. Fundi hupaka unga wa kauri uliolowanishwa kwa brashi ya manyoya, tabaka lisilopitisha nuru kwanza ili kuficha metali, kisha rangi ya dentini, kisha tabaka angavu la ncha, na kila mara hulichoma tena kwa joto linalokaribia nyuzi 900. Hulifanya jino liwe kubwa kuliko linavyotakiwa, akijua litasinyaa.

Moto na tanuru vya kazi hiyo havikuwa vitu vigeni kwa nchi yenye wafua vyuma, na Wapangwa na Wakinga wa milima ya kaskazini-mashariki mwa ziwa waliyeyusha chuma kwa vizazi vingi. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walileta useremala, uashi na baadaye uchapaji, na mafundi waliopita katika karakana zao walijenga sehemu kubwa ya majengo yanayoonekana hadi leo kati ya Songea na Litembo. Tiba ya meno, kwa upande wake, katika hospitali za misheni na za serikali ya kikoloni ilikuwa hasa kazi ya koleo: jino likiuma, ling'olewe. Hospitali za Peramiho, Litembo na Liuli zilikuwa na malaria, uzazi na vidonda vya kushughulika navyo, na hakuna mganga aliyeweza kulaumiwa kwa kuliweka pengo mwishoni mwa orodha. Wakati huohuo kahawa ya Umatengo na tumbaku ya Ungoni, zilizouzwa kupitia ushirika wa NGOMAT tangu miaka ya 1930, zilileta fedha taslimu, na fedha taslimu ilileta sukari dukani. Chanzo cha mapengo kiliongezeka mapema kuliko njia ya kuyaziba.

Baada ya Uhuru serikali ilichagua kuanza na watu kabla ya vifaa. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na matabibu wa meno, ambao ndio waliofika wilayani, walifundishwa katika vyuo vya Mbeya na Tanga. Hapa Tanzania iliupa ulimwengu kitu ambacho hakisemwi vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alianza pamoja na wenzake kujaribu njia ya kuondoa uozo wa jino kwa vyombo vya mkono peke yake, bila mashine ya kutobolea na bila umeme, na kuliziba kwa saruji inayonata kwenye jino. Njia hiyo, inayojulikana kwa kifupisho cha ART, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani katika Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994. Kwa zahanati ya kando ya ziwa faida yake ni ya moja kwa moja, maana jino lililozibwa mapema halifiki mahali pa kuhitaji taji.

Kipandikizi kinasimama upande wa pili kabisa wa mizani. Asili yake ni utafiti wa mifupa: mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura kwa kutumia vyombo vya titani, aliona kwamba mfupa ulikuwa umeshikamana na metali hiyo kiasi cha kutokuachia, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye alitumia meno hayo hadi kifo chake mwaka 2006. Hapa pana kosa la kawaida linalostahili kusahihishwa, kwani maabara ya meno haitengenezi skrubu ya titani. Hiyo hukatwa kwa mashine viwandani, hutiwa ukwaru wa makusudi ili mfupa upate mahali pa kushika, na husafishwa na kufungwa bila kijidudu. Mfupa ukishaishika, jambo linalochukua miezi kadhaa, ndipo maabara hutengeneza sehemu ya juu, yaani kishikizo kinachotokeza kwenye ufizi pamoja na taji linalokaa juu yake. Titani yenyewe hupatikana kwa wingi ardhini, na chuma cha Liganga wilayani Ludewa, kaskazini mwa Ruhuhu, kimechanganyika nayo pamoja na vanadi. Lakini safari ya kutoka mwamba huo hadi skrubu ya kupandikizwa ni ndefu kuliko ile ya jino la kiboko kutoka ziwani hadi Paris.

Mabadiliko ya mwisho yamegusa jambo lililokuwa kikwazo tangu siku za Pfaff, yaani umbali. Mwaka 1985 Werner Mörmann na Marco Brandestini wa Zürich walimtengenezea mgonjwa kiziba cha kauri kwa mashine iliyopiga picha ya jino na kukikata yenyewe, na tangu miaka ya 1990 zirkonia, kauri nyeupe iliyo ngumu sana, imekuwa ikichongwa na mashine za kompyuta ikiwa bado laini kama chaki, kubwa kwa karibu moja ya tano kuliko taji linalotakiwa, kisha ikachomwa kwa takriban nyuzi 1500 hadi isinyae ikafikia kipimo chake. Tatizo lililomshinda Duchâteau sasa hupigiwa hesabu kabla. Kipimo cha kidijitali hakihitaji plasta wala basi, hivyo mdomo uliopigwa picha Songea unaweza kuonekana katika maabara ya Dar es Salaam, takriban kilomita 950 mbali, kabla mgonjwa hajainuka kitini. Lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay nayo imefupisha safari ya mgonjwa kuifuata hospitali. Taji lenyewe, hata hivyo, hurudi kama kifurushi, na likifika bado daktari hulazimika kuliweka juu ya jino, kumwambia mgonjwa aume karatasi ya rangi, kutazama ni kilima kipi kimegusa kabla ya vingine, kukisaga kidogo na kumwambia aume tena.